Kisukari: Hodi ya insulini kwenye mlango wa msuli

Kisukari kimekuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo nchini Afrika Kusini. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya msuli wa binadamu baada ya mlo, na maana yake kwa wakazi wa kitongoji cha Diepsloot, kaskazini mwa jiji la Johannesburg.



Saa kumi na moja alfajiri, wakati sehemu kubwa ya jiji la Johannesburg ingali usingizini, foleni za abiria huwa zimekwisha jipanga katika vituo vya teksi vya Diepsloot. Teksi za huko ni magari madogo ya abiria, yale ambayo Dar es Salaam huitwa daladala na Nairobi huitwa matatu. Wanaoyapanda ni watumishi wa majumbani, watunza bustani, walinzi, mafundi wa ujenzi na wauzaji wa madukani. Huelekea Fourways, Sandton na kwenye mitaa yenye kuta ndefu kama Dainfern, ambayo iko karibu kabisa na Diepsloot kwa umbali, lakini iko mbali mno kwa hali ya maisha.

Diepsloot, jina la Kiafrikana lenye maana ya mtaro wenye kina kirefu, iko yapata kilomita 35 hadi 40 kaskazini ya katikati ya jiji. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, kwa ajili ya watu walioondolewa Zevenfontein. Baadaye wakaletwa wengine kutoka Alexandra, waliokuwa wakiishi kandokando ya mto Jukskei. Yalikusudiwa kuwa makazi ya muda, lakini hayakuvunjwa. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 138,329 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 12 tu. Wako waliotoka majimbo mengine ya nchi hiyo, na wako waliotoka Zimbabwe, Msumbiji na Malawi. Vibanda vya mabati vimebanana na nyumba ndogo zilizojengwa na serikali.

Huo ni mji wa watu wanaoamka mapema na kufanya kazi za mikono. Ni rahisi basi kudhani kwamba kisukari, ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa matajiri na wanene, hauna nafasi huko. Takwimu zinasema vingine. Kwa mujibu wa Idara ya Takwimu ya Afrika Kusini, mwaka 2016 kisukari kilikuwa cha pili baada ya kifua kikuu miongoni mwa maradhi yaliyoua watu wengi nchini, na kwa wanawake kilishika nafasi ya kwanza. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 4.2 nchini humo walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba karibu nusu yao hawakujua kuwa wanao.

Swali ambalo wengi hujiuliza, Diepsloot na hata Temeke au Kawangware, ni hili: mtu asiye na fedha za kula anasa apataje ugonjwa wa sukari? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mlango mdogo usioonekana kwa macho, ulioko kwenye kila seli ya msuli.

Kijiko kimoja cha sukari

Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajafungua kinywa asubuhi, mna glukozi, yaani sukari ya damu, ipatayo gramu 4 hadi 5. Hicho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mwili hulinda kiasi hicho kwa uangalifu mkubwa. Kikipungua sana, ubongo hukosa chakula chake na mtu huzirai. Kikizidi kwa miaka mingi, mishipa ya damu ya macho, figo, moyo na miguu huharibika.

Sasa chukulia mfano wa mama wa makamo anayefanya kazi za ndani. Ametoka nyumbani gizani bila kula. Mchana ananunua kota, chakula kinachopendwa sana katika vitongoji vya Johannesburg: robo ya mkate mweupe iliyochimbwa katikati, ikajazwa viazi vya kukaanga, achari na kipande cha soseji. Pembeni yake ana kopo la soda. Robo ya mkate wa gramu 700 inaweza kuwa na wanga wa takriban gramu 80, kabla ya kuhesabu viazi. Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 huongeza gramu 33 katika kopo la mililita 330.

Katika muda wa saa mbili au tatu, sehemu kubwa ya wanga na sukari hiyo itavunjwa tumboni na kuingia katika damu, ambayo kwa kawaida hubeba kijiko kimoja tu. Mzigo huo wote lazima upelekwe mahali. Sehemu moja huchukuliwa na ini, nyingine hutumiwa na ubongo, na kiasi fulani huingia kwenye mafuta ya mwili. Lakini ghala kubwa kuliko yote ni misuli: ya mapaja, ya mgongo, ya mikono na ya kifua.

Ukubwa wa ghala hilo ulipimwa kwa usahihi baada ya mwaka 1979, pale daktari Ralph DeFronzo wa Marekani na wenzake walipoeleza namna ya kumtilia mtu insulini na glukozi kwa pamoja kupitia mshipa, huku sukari ya damu ikishikiliwa pale pale bila kupanda wala kushuka. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba glukozi inayoondolewa katika damu kwa amri ya insulini huishia kwenye misuli kwa kiwango kinachokaribia asilimia 80. Baada ya mlo wa kawaida ini huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko katika kipimo hicho, lakini msuli hubaki kuwa mpokeaji mkuu. Msuli ukikataa kupokea, sukari haina pa kwenda.

Mgeni anayebisha hodi

Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best, wakisaidiwa na James Collip katika maabara ya John Macleod. Mnamo tarehe 11 Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari alikuwa amehukumiwa kifo.

Watu wengi huieleza insulini kuwa ni ufunguo. Mfano huo unasaidia, lakini unaficha jambo moja. Insulini hufanya kazi yake ikiwa nje ya seli. Inafanana zaidi na mgeni anayefika mlangoni na kubisha hodi. Ili mlango ufunguliwe, lazima wawepo wenyeji ndani wanaosikia, wanaoitana, na wanaokwenda kufungua.

Mahali pa kubishia hodi ni kipokezi cha insulini, protini iliyopenya utando wa seli, sehemu yake moja ikiwa nje na nyingine ndani. Insulini inaponata kwenye sehemu ya nje, umbo la kipokezi hubadilika, na sehemu zake za ndani huanza kubandikana chembe za fosfati. Kazi hiyo ya kipokezi ilitambuliwa mwaka 1982 na Masato Kasuga, Ronald Kahn na wenzao. Kubandika fosfati ndiyo lugha ambayo protini nyingi za seli huitumia kupashana habari. Protini iliyobandikwa ni kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kipokezi kikiisha kuamka, humwamsha jirani yake, protini iitwayo IRS-1. Huyo humwita mwingine, kimeng'enya kinachobadilisha mafuta fulani kwenye upande wa ndani wa utando, na mafuta hayo yaliyobadilishwa huwa ndiyo alama ya kukutania. Kwenye alama hiyo hufika protini iitwayo Akt, nayo huamshwa. Akt ndiye mjumbe mkuu. Huenda mpaka kwa protini nyingine ambayo kazi yake ya kawaida ni kufunga breki, naye huilegeza breki hiyo. Protini hiyo ya breki, iliyopewa jina la AS160, ilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na maabara ya Gustav Lienhard katika Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Breki hiyo huzuia nini? Ndani ya seli ya msuli mna vifuko vidogo mno, na katika kuta za vifuko hivyo mmepangwa protini inayojulikana kwa jina la GLUT4. Hiyo ndiyo milango yenyewe. Wakati mtu ana njaa, sehemu kubwa sana ya milango hiyo huwa imehifadhiwa ndani, kama milango ya duka iliyowekwa stoo. Hodi ikisikika na breki ikilegezwa, vifuko husafiri hadi kwenye utando, huungana nao, na milango hujitokeza juu ya seli. Glukozi iliyojaa nje huingia. Ikisha ingia hubandikwa fosfati ili isiweze kutoka tena, kisha huchomwa kupata nguvu au huwekwa akiba kwa jina la glaikojeni. Insulini inapopungua, milango hurudishwa ndani.

Ugunduzi kwamba milango hiyo huhama, badala ya kuundwa upya kila mara, ulitangazwa mwaka 1980 na makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yaliyofanya kazi mbalimbali: Cushman na Wardzala kwa upande mmoja, na Suzuki na Kono kwa upande mwingine. Wote walitumia seli za mafuta za panya. Protini ya GLUT4 yenyewe ilitambuliwa mwishoni mwa muongo huo. Safari hiyo yote, tangu hodi hadi mlango kufunguka, huchukua dakika chache tu.

Hodi isiyosikika

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, mgeni hajakosekana. Kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa kujitokeza, insulini huwa nyingi kuliko kawaida. Hodi inabishwa, tena kwa nguvu, lakini ndani hakuna anayeitika ipasavyo. Hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini.

Wataalamu wameitafuta sehemu iliyokatika katika mnyororo huo wa kuitana, na nyingi ya dalili huonyesha kwamba tatizo huanza mapema, karibu na IRS-1. Mojawapo ya maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mafuta yanapokusanyika ndani ya seli ya msuli yenyewe, mahali pasipo pake, hutoa ishara nyingine ambazo humbandika IRS-1 fosfati katika sehemu isiyofaa. Badala ya kuamka, anazidi kulala. Akt hapati habari kamili, breki haifunguki sawasawa, na milango mingi hubaki stoo ilhali glukozi imejazana barazani.

Kwamba mlango wa msuli una uzito mkubwa kiasi hicho kulithibitishwa kwa namna ya pekee mwaka 2014. Watafiti wa Denmark walitangaza kuwa wamekuta miongoni mwa wakazi wa asili wa Greenland hitilafu ya kurithi katika ile protini ya breki ya msuli. Waliorithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyofikia takriban mara kumi ya watu wengine. Kiungo kimoja tu cha mnyororo kimekatika, na sukari ikapanda.

Afrika Kusini nayo imelikuta jambo hilo kwa njia nyingine. Baadhi ya dawa za awali za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kama vile indinavir, zilionekana kuwaletea watumiaji ukinzani wa insulini. Mwaka 2000 watafiti wa mjini St. Louis, Marekani, walionyesha sababu mojawapo: dawa hizo ziliziba mlango wa GLUT4 wenyewe. Dawa zilizokuja baadaye zimechukua nafasi yake, lakini somo lilibaki.

Watafiti wa mjini Cape Town, akiwemo mtaalamu Julia Goedecke, wamechunguza pia wanawake wa Afrika Kusini. Waligundua kwamba wanawake weusi hukinzana na insulini zaidi kuliko wanawake weupe wenye unene unaolingana nao, ingawa wana mafuta machache zaidi ndani ya tumbo. Kongosho zao hujibu kwa kumwaga insulini nyingi. Kwa muda, sukari ya damu huonekana kuwa ya kawaida, na mtu hajui lolote. Lakini kongosho haiwezi kupaza sauti milele. Inapochoka, sukari hupanda, na hapo ndipo mgonjwa huanza kuona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kufifia na vidonda kukawia kupona.

Njia ya pili

Hata hivyo, msuli una njia nyingine ya kufungua mlango, nayo haihitaji hodi. Msuli unapofanya kazi, unapojikunja na kujikunjua, hutumia nguvu zake za ndani. Upungufu huo hutambuliwa na kipimaji cha seli kiitwacho AMPK, na kutikisika kwenyewe kwa msuli pamoja na madini ya kalsiamu hutoa ishara nyingine. Ishara hizo hufika kwenye vile vifuko vya GLUT4 bila kupitia kwenye kipokezi cha insulini wala kwa IRS-1. Ni kama mwenye nyumba ambaye amehisi njaa, akafungua mlango mwenyewe kutoka ndani bila kumsubiri mgeni.

La kutia moyo ni kwamba njia hiyo haiharibiki kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kama inavyoharibika ile ya kwanza. Mwaka 1999 watafiti wa mjini Boston, Marekani, waliwaendeshesha baiskeli watu wenye kisukari na wasio nacho, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya mapaja yao. Katika makundi yote mawili milango ya GLUT4 ilikuwa imesogea juu ya seli.

Faida hiyo haikomi kazi inapokoma. Mwaka 1989, Erik Richter na wenzake mjini Copenhagen waliwapa watu zoezi la mguu mmoja tu, mwingine ukipumzika. Saa chache baadaye waliwatilia insulini. Mguu uliofanya kazi ulichukua glukozi zaidi kuliko ule uliopumzika, ingawa damu iliyopita katika miguu yote miwili ilikuwa na insulini ile ile. Kwa maneno mengine, msuli uliofanya kazi husikia hodi vizuri zaidi. Hali hiyo inaweza kudumu siku moja hadi mbili, na ndiyo sababu wataalamu hushauri mazoezi yasikatizwe zaidi ya siku mbili mfululizo.

Mjini Cape Town, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha jambo hilo kwa wanawake weusi wanene waliokuwa hawana mazoea ya mazoezi. Baada ya wiki 12 za mazoezi ya kukimbiza moyo na ya kuimarisha misuli, miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi, ijapokuwa uzito wao ulibadilika kidogo tu. Hilo ni habari njema kwa mtu ambaye amekata tamaa kwa sababu mizani haishuki.

Kutoka shambani hadi mjini

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linapopata jibu. Mwaka 1989, marehemu Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitangaza kwamba katika vijiji vya Tanzania walivyovipima, watu wazima wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Miaka michache baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari wilayani Hai. Mjini, kisukari kiliwapata wanaume 5.9 katika kila mia na wanawake 5.7. Kijijini walikuwa 1.7 na 1.1.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 209 waliohama kutoka Morogoro Vijijini kwenda kuishi Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho. Mwaka mmoja baadaye idadi hiyo ilishuka hadi karibu robo. Kwa wanawake pia ilipungua kwa zaidi ya nusu. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili kwa wastani.

Diepsloot ni mji wa watu waliohama. Kijijini, kuchota maji, kulima na kutembea mwendo mrefu kuliufungua mlango wa msuli kila siku bila mtu kujua. Mjini, mchana wa mlinzi hupita akiwa amekaa kwenye kibanda cha lango. Saa mbili au tatu za siku humalizikia ndani ya teksi. Kazi ipo na uchovu upo, lakini misuli mikubwa ya miguu haipati kazi ya kutosha. Mlo nao umebadilika: ugali mweupe, mkate, maandazi ya mafuta yaitwayo magwinya, na soda, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoshibisha kwa fedha kidogo na hupatikana katika kila duka la mtaani.

Ni rahisi kumwambia mtu atembee. Lakini mwanamke wa Diepsloot atembee saa ngapi? Alfajiri ni giza, na jioni ni giza. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na shirika la Sonke Gender Justice, uliotolewa mwaka 2016, uliwahoji zaidi ya wanaume 2,600 wa kitongoji hicho. Zaidi ya nusu yao walikiri kuwa walimfanyia mwanamke ukatili wa kimwili au wa kingono katika mwaka uliotangulia. Katika mazingira kama hayo, taa ya barabarani na njia salama ya watembea kwa miguu ni dawa ya kisukari sawasawa na kidonge.

Serikali ya Afrika Kusini imechukua hatua kwa upande wa chakula. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 inatoza kodi vinywaji vyenye sukari, kwa kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Utafiti uliofanywa katika kaya za mijini ulionyesha kwamba sukari iliyonunuliwa katika vinywaji vinavyotozwa kodi hiyo ilishuka kutoka gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya gramu 11. Viwanda vingi vilipunguza sukari katika vinywaji vyao.

Kwa upande wa tiba mambo si rahisi. Kidonge cha metformini, ambacho hulipunguza ini lisimwage sukari ovyo, ni cha bei nafuu na hutolewa katika zahanati za umma. Lakini wale ambao kongosho zao zimechoka huhitaji insulini ya sindano. Mwaka 2024 mkataba wa kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark wa kupeleka kalamu za insulini ya binadamu katika hospitali za umma za Afrika Kusini ulimalizika bila kurefushwa, na wagonjwa wengi wakarudishwa kwenye chupa na sindano za zamani. Aidha, insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kuwekwa mahali pa baridi. Katika kibanda cha mabati kisicho na jokofu, wakati wa joto la Desemba, mtungi wa udongo uliotiwa maji huwa msaada mkubwa.

La kufanya

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Kisukari cha aina ya pili kina sifa mbaya ya kujificha chenyewe, hata kwa mtu asiye na nia ya kukificha. Kipimo ni tone moja la damu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifikia milimoli 7 au zaidi kwa lita, na kipimo kikarudiwa kwa uthibitisho, huo ni ugonjwa wa kisukari. Mtu mwenye umri wa miaka 45 na zaidi, mwenye tumbo kubwa, mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, au mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba, asingoje dalili. Kwa kuwa wengi huogopa kupoteza kibarua cha siku moja kwa kukaa foleni ya zahanati, waajiri nao wana wajibu wa kutoa ruhusa.

Kwa yule anayejua kuwa ni mgonjwa, njia ya pili ya mlango haibadili amri ya daktari. Asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyoisukuma kongosho, ajue kuwa kazi nzito inaweza kuishusha sukari ghafla, kwa hiyo awe na kitu kitamu mfukoni. Akague miguu yake kila jioni, na avae viatu visivyombana.

Na kwa wote, mambo madogo yana faida ambayo sasa sababu yake inajulikana. Dakika 10 au 15 za kutembea baada ya mlo huufungua mlango wa msuli wakati ule ule ambapo sukari inafika katika damu. Kushuka kwenye teksi kituo kimoja kabla, panapokuwa salama. Kuinuka na kuketi kitini mara kumi, mtu akiwa ndani ya kibanda chake cha ulinzi. Kubadilisha soda kwa maji, na kuongeza maharage na mboga kwenye ugali. Wanawake wakitembea kwa kundi, njia huwa na usalama zaidi.

Yule mama wa makamo atarudi Diepsloot jua likiwa limezama. Katika damu yake insulini itakuwa inabisha hodi, kama ilivyobisha jana. Iwapo hodi hiyo itasikika kunategemea alichokula, kunategemea miguu yake imefanya kazi gani, na kunategemea pia kama njia kutoka kituoni hadi nyumbani kwake ina taa.